Mashine ya Kapsuli Haipimi Uzito, Inapima Kibaba: Kisa cha Mlonge Uliopungua Malindi

Katoni mbili zilirudi kutoka Mombasa siku ya Jumanne mwezi wa Mei, mvua ya mwaka ikiwa imekaza na maji ya Sabaki yamekwisha kuigeuza bahari ya Malindi rangi ya chai ya maziwa. Ndani mlikuwa na chupa za kapsuli za mlonge, sitini kila chupa, na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu: "Lebo inasema gramu 24. Ziko wapi?" Mwenye duka alikuwa amefungua chupa mbili, akamwaga unga wa kapsuli zote juu ya mizani, akapata gramu 20.8 kwa moja na 21.1 kwa nyingine.

Karakana ni ya mama yangu mdogo. Ni vyumba viwili nyuma ya nyumba, mtaa wa Shella, na wanawake saba wanaoishi kwa kazi hiyo. Majani ya mlonge huja kutoka kwa wakulima wa upande wa Ganda, hukaushwa kivulini, hupelekwa mashine ya posho Maweni kusagwa, kisha unga hurudi ndani ya ndoo kwa tuktuk. Kapsuli ni namba 00, na lebo inaahidi miligramu 400 za mlonge mtupu katika kila moja. Ni chakula cha nyongeza. Hakuna mahali lebo inaposema kwamba inatibu kitu. Mimi nilikuwa nimetoka kiwanda kimoja cha dawa, ambako nilikaa miaka sita kwenye kitengo cha kapsuli, kwa hiyo simu ilinijia mimi.

Nilipofika nilimkuta binti mmoja amekaa kwenye ngazi ya nje, hajaingia kazini. Alikuwa ameambiwa kwamba mkono wake ni mwepesi. Yeye ndiye aliyekuwa akijaza tangu mwezi wa Aprili, na kapsuli zilianza kupungua mwezi huohuo, basi hesabu ikaonekana imekwisha. "Shikamoo mama mdogo," nilisema, na kabla sijakaa akanijibu, "Marahaba mwanangu. Nimemwambia apumzike wiki hii. Sitaki kumtia aibu, lakini wateja wangu wanaondoka." Hakuwa na ubaya naye. Alikuwa na hofu, na binti ndiye aliyekuwa karibu zaidi na mashine.

Neno hilo "mashine" lisikupotoshe. Ni sahani ya plastiki yenye matundu 100. Unapanga viwiliwili vya kapsuli kwenye matundu, unamwaga unga juu yake, unaukwangua kwa kipande cha plastiki mpaka usawa wa mdomo, unagongesha sahani mezani mara kadhaa unga ushuke, unamwaga tena, unakwangua tena, unafunika vifuniko. Hakuna mahali popote katika kazi hiyo ambapo kitu kinapimwa uzito. Kapsuli hujazwa mpaka imejaa, basi. Uzito unaotoka ni wa unga ulioweza kuingia katika nafasi ile.

Wazee wetu wangelielewa jambo hili mara moja, kwa sababu biashara yao yote ya nafaka ilikwenda hivyo. Kibaba, kisaga, pishi: vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi, na vyote ni vipimo vya nafasi. Ndiyo maana ilibidi waseme kama ni kibaba cha mfuto, kilichokwanguliwa usawa wa mdomo, au kibaba cha tele, chenye kichuguu juu. Na mnunuzi mwerevu alijua kwamba hata kibaba cha mfuto kina siri ndani yake: mchele ukimiminwa polepole hukaa wazi, ukitikiswa hushuka, na nafasi inayobaki juu ni haki yake. Anayenunua kwa gorogoro leo sokoni anajua habari hiyohiyo. Kapsuli namba 00 ni kibaba kidogo cha mfuto. Kiwiliwili chake huchukua takribani mililita 0.91, kwa maelezo yaliyokuwa kwenye boksi la kapsuli za karakana. Ukitaka miligramu 400 ziingie humo, kila mililita ya unga lazima iwe na gramu 0.44. Ikipungua hapo, huna la kufanya na mkono wako.

Uzito uliomo katika kila mililita ndio msongamano, na tabu ya unga ni kwamba hauna msongamano mmoja. Maji yana mmoja. Unga ni chembe na hewa, na hewa hiyo hutoka au huingia kutegemea umemiminwa vipi, umegongwa mara ngapi, chembe zake ni kubwa au ndogo, ni kavu au zina unyevu. Kwa hiyo viwandani hupimwa angalau miwili: wa unga uliomiminwa tu bila kuguswa, na wa unga uliogongwa mpaka ukagoma kushuka.

Kabla ya kuugusa unga, nilitaka kumtoa binti kwenye ngazi au kumhukumu kwa haki. Bahati njema, mama mdogo ana tabia moja ninayoipenda sana: kila bechi huweka kilo moja ya unga ndani ya mtungi wa kioo wenye kifuniko cha kukaza, na tarehe juu yake. Kulikuwa na mtungi wa Februari, wakati wa kaskazi, kapsuli zilipokuwa nzuri na hakuna aliyelalamika. Nikamwita binti, na nikamwita yule mama aliyekuwa akijaza kabla yake, anayesifiwa kwa mkono mzito. Kila mmoja akajaza sahani moja kwa unga wa Februari na sahani moja kwa unga wa Mei. Nikachukua kapsuli ishirini kutoka kila sahani.

Kupima nako kuna adabu yake. Ganda tupu la namba 00 lina uzito wa karibu miligramu 120, na maganda hayalingani. Moja linaweza kumzidi mwenzake kwa miligramu kumi au zaidi. Ukipima kapsuli nzima, hujui tofauti unayoiona ni ya unga au ya ganda. Kwa hiyo unapima nzima, unafungua, unamwaga, unasafisha ndani kwa brashi ndogo, unapima ganda, unatoa. Tulizima feni kwanza, maana upepo wake ulikuwa ukiuchezesha mkono wa mizani ya sonara kwa miligramu ishirini huku na huku. Kazi ya kapsuli themanini ilitumaliza asubuhi nzima.

Unga wa Februari: binti wastani wa miligramu 399, mama 407. Unga wa Mei: binti 348, mama 355. Mikono miwili ilitofautiana kwa miligramu saba au nane. Unga wa miezi miwili ulitofautiana kwa miligramu hamsini na zaidi, mkononi mwa mtu yuleyule. Nilimwonyesha mama mdogo daftari sikusema neno. Alisoma mara mbili, akatoka nje, akakaa ngazini kando ya binti. Sikuyasikia waliyozungumza, wala hayakunihusu.

Hapo swali lilibadilika. Unga wa Mei una nini?

Lakini kwanza kulikuwa na jambo lililonisumbua zaidi. Karakana ilikuwa na jaribio la ubora, na bechi zote za Aprili na Mei zilikuwa zimefaulu. Walikuwa wakifuata kanuni ya vitabu vya dawa vya Ulaya: chukua kapsuli ishirini, tafuta wastani, na kama unga ni miligramu 300 au zaidi, zisizidi mbili zitakazotoka nje ya asilimia 7.5 ya wastani huo, na isiwepo hata moja itakayotoka nje ya asilimia 15. Kanuni ni sahihi. Soma tena maneno yake, lakini: ya wastani huo. Kila kapsuli inalinganishwa na wenzake, hailinganishwi na lebo. Sahani ambayo kapsuli zake zote zina miligramu 335 itafaulu vizuri kabisa, kwa sababu zimepungua kwa pamoja. Jaribio la usawa lilikuwa likiulizwa swali ambalo si lake. Tena ishirini zile zilitolewa zote katika sahani ya kwanza ya siku, kabla ya chai.

Hilo la sahani ya kwanza lilinifanya nifanye kitu kingine. Ndoo moja ya lita kumi hubeba unga wa kama kilo tatu, nayo hutoa sahani themanini na kitu, kazi ya siku mbili. Nikaomba wajaze ndoo nzima kama kawaida yao, nami nikachukua ishirini kutoka sahani ya 1, ya 20, ya 40, ya 60 na ya 80. Wastani ulikwenda hivi: 368, 360, 353, 343, 333. Ulikuwa ukishuka kama maji yanapokupwa. Ndani ya kila sahani kapsuli zilifanana. Kati ya juu ya ndoo na chini yake kulikuwa na miligramu 35. Yaani mteja aliyepata chupa ya sahani za mwisho alipunjwa maradufu ya yule aliyepata za mwanzo, na hakuna aliyekusudia.

Sasa silinda. Tulinunua ya kioo, ya mililita 250, kutoka duka la vifaa vya maabara Mombasa. Utaratibu unaojulikana ni kumimina gramu 100 za unga, kusoma ujazo bila kugusa, kisha kugonga: mara 10, mara 500, mara 1250, ukisoma kila kituo. Kama kati ya 500 na 1250 unga umeshuka zaidi ya mililita mbili, unaendelea. Gramu zetu 100 zilifika mdomoni na bado zimebaki kwenye karatasi, kwa maana mlonge ni mwepesi. Kanuni inaruhusu kupunguza, mradi ujazo wa kwanza uwe kati ya mililita 150 na 250. Tukakaa kwenye gramu 70.

Kugonga kwa mkono ni kujidanganya. Mtu huanza kwa nguvu na humaliza amechoka. Seremala wa jirani, fundi wa milango ya nakshi, alitutengenezea kitu ambacho bado nakitazama kwa furaha: ubao mdogo unaosimamisha silinda, na chini yake gurudumu la mti lenye jino moja, linalouinua ubao milimita 14 kisha kuuachia uanguke. Mkono wa kuzungushia ni wa cherahani kuukuu. Milimita 14 ndicho kimo cha mojawapo ya vifaa rasmi vya kazi hii, chenye kugonga mara 300 kwa dakika. Chetu hakifiki kasi hiyo na sikidai kuwa ni rasmi. Kinachofanya ni kuangusha vilevile kila mara, na kwa karakana inayojilinganisha na yenyewe hilo ndilo tulilolihitaji.

Unga wa Februari, gramu 70: mililita 184 ukiwa umemiminwa, 159 baada ya kugongwa mara 10, 132 baada ya 1250. Unga wa Mei: 219, kisha 182, kisha 141.

Wanaosoma namba hizi viwandani huangalia kwanza ni kiasi gani unga umeshuka kati ya mwanzo na mwisho, kwa asilimia. Ralph Carr aliandika juu ya kipimo hicho mwaka 1965, na kinatumika hadi leo. Chini ya 15 unga hutiririka vizuri. Kati ya 26 na 31 ni mbaya, na kati ya 32 na 37 ni mbaya sana. Wa Februari ulishuka kwa asilimia 28, wa Mei kwa 36. Mlonge wetu haujawahi kuwa mzuri, hata siku zake njema. Mwezi wa Mei ulikuwa umeshuka daraja.

Namba iliyonifungua macho lakini ni ya katikati, ile ya kugonga mara 10, ambayo watu wengi huiandika na kuipita. Gramu 70 katika mililita 159 ni gramu 0.44 kwa mililita. Zidisha kwa 0.91: miligramu 400. Gramu 70 katika mililita 182, zidisha kwa 0.91: miligramu 350. Ni uzito uleule tuliokuwa tukiupata kwenye kapsuli, karibu kabisa. Sahani yetu, kwa mikono yetu na meza yetu, inauacha unga katika hali ileile ambayo silinda inauacha baada ya kugongwa mara 10. Unga uliomiminwa tu ulikuwa ukitabiri uzito wa chini mno, na uliogongwa mara 1250 wa juu mno. Kipimo kinachofaa ni kile kinachouweka unga katika hali utakayokuwa nayo ndani ya kapsuli. Sahani ya mtu mwingine inaweza kulingana na kugonga mara 5, au 20. Lazima aitafute mwenyewe. Lakini akishaipata, amepata kitu kikubwa: anajua uzito wa kapsuli kabla hajajaza hata moja.

Niliandika ukutani kwa chaki: 63,700 gawanya kwa mililita. Ndiyo hesabu yote, maana 0.91 mara miligramu 70,000 ni 63,700. Binti aliichukua ndoo ya Mei iliyofuata, akachota unga wa juu, akapata mililita 173. Akachota wa chini, akapata 191. Akafanya hesabu kwenye simu. "Kaka, hii ya juu itatoa 368, na ya chini itatoa 333." Ndizo namba za sahani ya 1 na ya 80.

Juu na chini ya ndoo moja, unga mmoja, siku moja. Hiyo ni kazi ya tuktuk. Unga uliosagwa una chembe kubwa za vikonyo na vumbi laini la jani. Ndoo ikitikiswa kutoka Maweni hadi Shella, vumbi hupenya katikati ya chembe kubwa na kuzama, na chembe kubwa hubaki juu. Mwanamke yeyote aliyewahi kupepeta na kupembua katika ungo anajua jinsi vitu vya ukubwa tofauti visivyokubali kukaa pamoja vikitikiswa. Kuna anayedhani kwamba vumbi la chini lingekuwa zito zaidi kwa kuwa limeshindiliwa. Linaposhindiliwa ni kweli. Lakini ukilichota na kulimwaga upya, chembe ndogo hushikana zenyewe kwa zenyewe, zinajenga matao madogo yenye hewa ndani, na uzito wake ni mdogo mno kuyavunja. Unga laini hujaa upesi na una hewa nyingi. Chembe kubwa huanguka kila moja mahali pake.

Na ndiyo jibu la Februari na Mei pia, au sehemu yake kubwa. Nilikwenda Maweni. Mwenye mashine ya posho hakuficha kitu: "Chekeche la zamani lilitoboka mwezi wa Aprili. Nikatia hili jipya, ni laini zaidi. Wateja wa mahindi wamelipenda." Lile la zamani lilikuwa na matundu ya milimita moja, tena yaliyolika; jipya lilikuwa la milimita 0.6. Alikuwa amefanya kazi yake vizuri. Hakuna aliyemwambia kwamba upo unga mmoja ambao ulaini ni hasara kwake, kwa sababu sisi wenyewe hatukujua.

Sehemu nyingine ni msimu. Tulichukua unga wa Mei tukaukausha usiku mmoja kwenye kabati la kukaushia majani, tukaupima asubuhi: mililita 173 kutoka 182. Tukasaga upya majani yaleyale kwa chekeche la milimita moja, tukakausha: 160. Kwa hiyo katika mililita 23 zilizotutenganisha na Februari, kama tisa zilikuwa za unyevu na zilizobaki za ulaini. Ukikaa pwani hii mwezi wa Mei huhitaji kifaa kukwambia hewa ina maji; chumvi inakwambia. Unga wa majani huyanywa maji hayo, chembe zinanata, matao yanakuwa imara zaidi.

Tulizungumza sana juu ya nini cha kufanya. Wazo la kwanza la kila mtu lilikuwa kugongesha sahani zaidi, na nililijaribu: kwa unga wa Mei, ukigonga na kujaza mara tatu badala ya mbili, wastani unafika 400. Lakini kapsuli za pembeni zilianza kuachana na za katikati, na mikono miwili iliyokuwa ikitofautiana kwa miligramu nane sasa ilitofautiana kwa zaidi ya ishirini. Unakuwa umelifunika kosa la unga kwa kulihamishia mikononi mwa binti. Nilikataa. Wazo la pili lilikuwa langu la kiwandani, kutia kidogo cha silika laini, ambayo hulainisha mtiririko hata ikiwa chini ya asilimia moja. Mama mdogo alikataa hilo, naye alikuwa na haki: lebo inasema mlonge mtupu. Tukarekebisha unga wenyewe. Tulinunua chekeche letu la milimita moja, linakaa kwenye mashine ya posho na hufungwa siku yetu tu. Unga ukifika hutiwa ndani ya pipa la plastiki, lisijae zaidi ya nusu, linazungushwa juu ya jamvi dakika kumi, kisha unagawiwa kwenye mikebe mitano ya kufunga. Kila mkebe unapimwa kwa silinda kabla haujafunguliwa kwa kazi. Ikisoma kati ya 155 na 164, jaza. Ikitoka nje ya hapo, rudisha kabatini au rudisha kwenye pipa.

Kwenye kiwanda nilikotoka ni jambo hilohilo kwa mavazi ya gharama. Mashine moja ya huko ni kama bambo la kuchomea magunia: mrija unazama ndani ya tabaka la unga, pistoni iliyomo inaubana, unainuka na mche mdogo wa unga unaosukumwa ndani ya kapsuli. Nyingine ina sahani yenye matundu na michi inayoshindilia kituo baada ya kituo. Zote zinapima nafasi, makumi ya maelfu ya kapsuli kwa saa, na zote zinauamini msongamano wa unga. Ndiyo sababu wameweka macho juu yake. Kuna vitambuzi ambamo kapsuli hupita katikati ya vibamba viwili vya umeme, na badiliko la umeme linasema ni unga kiasi gani umo. Ila unyevu nao hubadilisha umeme huo, na asiyejua hudhani amepata uzito. Kuna vya mawimbi ya maikro vinavyotoa masomo mawili kwa mara moja, hata vikaweza kutenganisha maji na unga. Namba ikianza kutambaa, mashine inabadilisha kina cha mchi au urefu wa chumba cha pistoni kabla kapsuli hazijatoka nje ya mipaka. Kwa mlonge anayepunjwa hupoteza fedha yake. Kwa dawa ya kifafa kama fenitoini, ambayo njia kati ya haitoshi na imezidi ni nyembamba, miligramu hizohizo ni mtu kuanguka barabarani. Nilipokuwa huko sikuwahi kuona uhusiano kati ya vioo vile vinavyowakawaka na kibaba cha bibi yangu. Niliuona Shella, mbele ya gurudumu la seremala.

Mwezi wa Juni ulikwenda vizuri. Katika bechi nne, wastani wa sahani za juu na za chini haukupishana kwa zaidi ya miligramu tisa. Siku moja ya mvua mkebe ulisoma 171. Binti aliufunga, akaurudisha kabatini, siku ya pili ulisoma 162 na ukajazwa. Mwenye duka wa Mombasa alipelekewa chupa mbadala kwa zote zilizorudi, na mama mdogo aliandika barua kwa mkono wake kumweleza ni nini kilichotokea, bila kumtaja mtu.

Kisha, katikati ya Julai, binti alinipigia. Silinda ilikuwa imesoma 159, sawasawa, lakini kapsuli zilikuwa na wastani wa 417. Alikuwa amepima mara tatu. Alikuwa amekausha silinda. Alikuwa amezima feni. Nikamwuliza ni nini kimebadilika chumbani, naye akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Boksi la kapsuli ni jipya, kaka. La zamani liliisha jana."

Nilimwambia achukue bomba la sindano la mililita moja, avute maji, ajaze kiwiliwili cha kapsuli mpya mpaka usawa wa mdomo upesi kabla jelatini haijalainika, asome, kisha arudie kwa nyingine kumi. Alinirudia baada ya nusu saa. Zote zilikuwa zikichukua karibu mililita 0.95. Namba 00 ni jina tu. Mtengenezaji huyu hutoa 0.91, yule 0.95, na maboksi yanafanana. Tulikuwa tumehangaika miezi miwili na nafaka, na safari hii kibaba ndicho kilichobadilika.

Nilianza kumtajia hesabu mpya, akanikatiza kwamba ameshaifanya. Alikuwa amefuta 63,700 ukutani na kuandika 66,500, na chini yake: lengo 166, si chini ya 162, si juu ya 171. Na kando, kwa herufi ndogo, tarehe ya boksi.